Watangazaji wa habari wanabadilika: sisi wamama tutazame nini?



Juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo limekuwa likirudi katika mikutano yetu, mara nyingi kabla ya kuhesabu pesa za likelemba. Ni juu ya watu wanaotusomea habari kwenye televisheni za mji wetu wa Lubumbashi. Mtangazaji tuliyemzoea anatoweka. Kijana tusiyemjua anakaa pahali pake. Habari za Kiswahili zinahamishwa saa. Kituo kinabadilisha rangi, kinabadilisha wimbo wa kufungulia, pengine kinabadilisha hata mwenye kituo. Sisi tunaotazama hatuambiwi kitu.

Katika kituo kimoja, ambacho hatutataja jina, mama aliyesoma habari za Kiswahili kwa miaka mingi aliacha kuonekana ghafula. Kikundi kimoja kikasema ameolewa Kolwezi. Kingine kikasema amefukuzwa. Cha tatu kilisikia kwamba sasa anafanya kazi kwa mbunge fulani. Kituo chenyewe hakikusema hata neno moja la kumuaga.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya watu wa televisheni, sisi tuangalie mbabula na pesa ya masomo ya watoto. Lakini mtangazaji wa habari ni mgeni anayeingia nyumbani kila jioni, wakati watoto wako macho na bukari iko mezani. Akisema kuna kipindupindu katika kartie fulani, tunachemsha maji. Akisema matokeo ya egzameni ya Serikali yametoka, tunatafuta namba ya shule ya mtoto. Akisema njia ya Kasumbalesa imefungwa, mama anayeuza unga anajua kama bei itapanda kesho. Maneno yake yanagusa mfuko wetu na afya ya watoto wetu. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza: anayetuambia haya ni nani, amewekwa na nani, na aliyekuwepo jana aliondoka kwa sababu gani?

Kutoka sauti moja mpaka sauti nyingi

Mabibi zetu wanakumbuka wakati kulikuwa na televisheni moja tu. Televisheni ilianza katika nchi yetu mwaka 1966, na kwa muda mrefu ilikuwa ya Serikali peke yake. Wakati wa Zaire, kabla ya habari kuanza, sura ya Mobutu ilionekana ikishuka kutoka mawinguni. Mtoto aliyekua akitazama vile hakuhitaji kuelezwa na mtu kwamba habari ni mali ya nani. Watangazaji walikuwa watumishi wa Serikali, na mtu aliweza kusoma habari miaka mingi bila kuondoka, kwa sababu hapakuwa na pahali pengine pa kwenda.

Tarehe 24 mwezi wa nne 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Vituo vya watu binafsi vikaanza kufunguliwa. Tarehe 22 mwezi wa sita 1996 ikatoka sheria juu ya uhuru wa magazeti, redio na televisheni. Mwaka 1997, utawala ulipobadilika na Zaire ikawa tena Kongo, kituo cha Serikali kilichoitwa OZRT kikapewa jina tunalolijua leo, RTNC. Mwaka 2023 ikatoka sheria mpya ya kuchukua nafasi ya ile ya 1996.

Leo tunazo sauti nyingi. Hapa Lubumbashi, zaidi ya RTNC ya jimbo, kuna vituo vya watu binafsi kama Nyota na Mwangaza. Vingine ni vya makanisa, vingine vya wafanyabiashara, vingine vya watu wa siasa. Hii ni faida kubwa. Lakini kituo chenye mwenyewe kinafuata pia maisha ya mwenyewe, na hapo ndipo mabadiliko mengi ya watangazaji yanapotoka.

Mfano mmoja tunaujua wote. Nyota ni televisheni ya Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga. Alipokuwa gavana, kituo kilikuwa na nguvu. Mwaka 2015 aliacha ugavana na kwenda upande wa upinzani, na baadaye kituo kikafungwa. Serikali ilikuwa na sababu zake. Wenye kituo walisema ni siasa. Kilikuja kufunguliwa tena mwaka 2019. Sisi hatuko hapa kuhukumu nani alikuwa na haki. Tunataka tu wamama waone jambo hili: kituo kikifungwa, watangazaji, wapiga picha na mafundi wote wanarudi nyumbani, na wao pia wana watoto wa kulisha. Kikifunguliwa tena, wengine wamekwisha kupata kazi nyingine. Ndipo tunaona sura mpya.

Kwa nini wanaondoka?

Tunapouliza "alienda wapi?", mara nyingi jibu ni moja kati ya haya matano.

Ya kwanza ni mshahara. Kituo cha mji kinaishi kwa matangazo, na matangazo ni machache. Waandishi wengi wa habari katika nchi yetu wanafanya kazi bila mkataba, na mshahara unachelewa au haufiki. Ndiyo maana kuna desturi wanayoiita kupaji: aliyewaita waandishi kwenye mkutano wake anawapa bahasha ya "usafiri". Mama mwenye akili ataelewa mara moja shida iko wapi. Anayekupa nauli ya kurudi nyumbani, je, utasema kweli yake yote, nzuri na mbaya? Mtangazaji akipata kazi katika kampuni ya madini au shirika, pahali ambapo mshahara unafika mwisho wa mwezi, ataondoka. Na sisi tusimlaumu.

Ya pili ni siasa. Kituo kikibadilisha upande, au mwenye kituo akigombana na wakubwa, yule mtangazaji aliyezoea kuuliza maulizo anakuwa mzigo. Hafukuzwi kila mara. Pengine anahamishwa saa, anapewa kipindi cha muziki, au jina lake linakosa kwenye orodha ya juma. Wakati wa kampeni ya uchaguzi mambo haya yanaongezeka, na watangazaji wengine wanaingia wenyewe kwenye siasa, kwa sababu sura inayojulikana ni mali mbele ya wapigakura.

Ya tatu ni kupanda cheo. Kuna wanaoitwa Kinshasa au kwenye redio na televisheni za nje. Kuna wanaoenda kusemea wakubwa. Tina Salama, kwa mfano, tulimjua kwanza kama mwandishi wa Radio Okapi, na baadaye akawa msemaji wa Raisi Félix Tshisekedi. Hiyo si aibu, ni kazi. Lakini ni kazi nyingine. Mwandishi wa habari anawauliza wakubwa kwa ajili yetu. Msemaji anatujibu kwa ajili ya wakubwa. Mtu ni yule yule na sauti ni ile ile, lakini kiti kimebadilika, na sisi tunaomsikiliza tunapaswa kukumbuka ni kiti gani amekalia leo.

Ya nne ni usalama. Hili tunalisema kwa uzito. Bukavu ilizika waandishi wawili wa Radio Okapi, Serge Maheshe aliyeuawa mwaka 2007 na Didace Namujimbo aliyeuawa mwaka 2008. Mwezi wa kwanza 2025, Goma ilipochukuliwa na M23, waandishi wengi walikimbia au kujificha. Wenye ndugu Goma wanakumbuka siku zile: simu hazipiti, na anayejua ukweli hayuko tena kwenye kiti chake. Shirika la Journaliste en danger, tunalolijua kwa jina la JED, limekuwa tangu 1998 likihesabu waandishi wanaotishwa, wanaofungwa na wanaouawa. Mtangazaji akitoweka, usikimbilie kusema ni ndoa au ni tamaa. Pengine mtu aliambiwa anyamaze.

Ya tano inatugusa sisi wanawake zaidi: mimba, watoto na saa za usiku. Habari za usiku zinaisha wakati mabasi yamekwisha kuwa machache. Mama mtangazaji anarudi nyumbani gizani, na pengine mume au mama mkwe anasema kazi hiyo si ya mwanamke mwenye ndoa. Tumbo likianza kuonekana, wengine wanaondolewa kwenye kioo, na nafasi haiwangojei. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mama mwenye mkataba majuma 14 ya mapumziko ya uzazi, na theluthi mbili za mshahara kwa muda huo. Asiye na mkataba hana pa kushika. Tunapoona kituo kinabadilisha wasichana kila mwaka, wadogo kwa wadogo, tuulize kama wale wa kwanza walipata watoto.

Wanawake wako kwenye kioo. Je, wako ndani ya habari?

Tunafurahi tukiona mwanamke anasoma habari. Mtoto wa kike anayetazama anasema, "Hata mimi naweza." Na wako wanawake waliofika juu kabisa: RTNC yenyewe imepata kuongozwa na mwanamke, Sylvie Elenge. Kule Bukavu, wanawake waandishi walianzisha chama chao cha AFEM mwaka 2003, na mmoja wa waanzilishi, Chouchou Namegabe, alifika mpaka Seneti ya Marekani mwaka 2009 kueleza yale wamama wa Kivu waliyotendewa katika vita. Caddy Adzuba, mwandishi wa Radio Okapi, alipewa zawadi ya Prince of Asturias kule Uhispania mwaka 2014. Chouchou na Caddy waliweka sauti za wamama wa kawaida kwenye redio.

Hapo ndipo tunataka kufika. Kuna uchunguzi unaofanywa dunia nzima kila miaka mitano, wa kuhesabu ni nani anayeonekana na kusikilizwa ndani ya habari. Mwaka 1995, kati ya watu 100 waliotajwa au kuhojiwa katika habari, wanawake walikuwa 17. Mwaka 2020 walikuwa 25. Katika miaka ile 25, tuliongezeka watu wanane tu katika mia.

Maana yake ni kwamba mwanamke anaweza kukaa mbele ya kamera, amesuka vizuri, amevaa kitambaa kizuri, na habari zote anazosoma zikawa za wanaume: gavana amesema, mkurugenzi amejibu, mheshimiwa amezindua. Bei ya makala inapopanda, anayehojiwa ni bwana wa ofisi. Mama anayeuza makala kwa vikopo hahojiwi. Mwalimu anapogoma, anayehojiwa ni bwana wa sendika; mama wa mtoto aliyekaa nyumbani majuma matatu hahojiwi. Kwa hiyo, kituo kikituletea mtangazaji mpya wa kike, tumpigie makofi, kiisha tuhesabu ni wanawake wangapi wanasema ndani ya habari zake.

Kiswahili kimewekwa saa ngapi?

Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kama lugha ya kazi za Serikali, na lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Inasema pia, katika kifungu cha 24, kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari. Sasa jiulize: mama wa Katuba au wa Ruashi ambaye hakumaliza shule ya msingi anapata haki hiyo kwa lugha gani?

Habari kubwa za RTNC kutoka Kinshasa zinaanza saa mbili ya usiku ya kule, ambayo kwetu ni saa tatu. Watoto wadogo wamelala, na umeme, kama uliwaka mchana, pengine umekwisha kwenda. Vituo vya mji ndivyo vingepaswa kutupa habari za Kiswahili mapema. Lakini tunaona wenyewe katika nyumba zetu: kwenye vituo vingi, habari za Kifaransa ni ndefu, zina picha na mahojiano, na zile za Kiswahili ni fupi, zinasomwa mbiombio, pengine ni tafsiri ya dakika ya mwisho. Mtangazaji wa Kiswahili akiondoka, wanachukua yeyote aliye karibu, kana kwamba kila mtu anayeongea Kiswahili sokoni anaweza kusoma habari. Kusoma habari kwa Kiswahili ni ufundi. Lazima ujue namna ya kumweleza mama neno la "bajeti ya jimbo" ili alielewe bila kumdharau. Mtangazaji mwenye ufundi huo akipotea, sisi wasiojua Kifaransa ndio tunaobaki nje ya mlango.

Dekoda na simu

Kuna watangazaji ambao hawakuondoka. Sisi ndio tuliondoka kwao bila kujua. Nchi nyingi zilikubaliana kuacha mitambo ya zamani na kuingia katika televisheni ya dijitali, na tarehe iliyowekwa ilikuwa 17 mwezi wa sita 2015. Kwetu mabadiliko hayo yalichelewa, na yanaendelea polepole. Wenye uwezo wamenunua dekoda ya Canal+ au ya StarTimes. Watoto wanapata filamu, na wababa wanapata mpira. Lakini kituo kidogo cha mji hakiko kila mara ndani ya dekoda, na mwezi ambao abonema haikulipwa, kioo kinakuwa cheusi. Nyumba nyingine inajua habari za Paris vizuri kuliko habari za mfereji uliopasuka kwenye avenue ya pili.

Tena kuna simu. Vituo vinaweka habari zao kwenye Facebook na YouTube, na watangazaji wengine, wakishaacha kituo, wanafungua ukurasa wao wenyewe. Mwenye mega anaweza kumfuata yule aliyempenda. Hii ni njia nzuri, lakini ina hatari yake. Ndani ya kituo kuna mkuu wa habari anayesoma kazi ya mtangazaji kabla haijatoka. Mtu peke yake na simu yake hana wa kumsahihisha. Tena anaishi kwa idadi ya watu wanaotazama, na anayepiga kelele anatazamwa zaidi. Wazee walisema, debe tupu haliachi kuvuma.

Jambo la hatari zaidi ni hili: leo mashine inaweza kuiga uso na sauti ya mtu. Unaweza kuona mtangazaji unayemjua "akitangaza" dawa ya sukari au njia ya kuzidisha pesa, na mwenyewe hajui. Zamani tulisema, "Nimemwona kwa macho yangu." Kuona uso tu hakutoshi tena. Ukipata video ya namna hiyo kwenye WhatsApp, kabla ya kuituma kwa wengine, tafuta kama kituo chenyewe kimesema jambo hilo. Kama hakikusema, iache hapo.

Tunajua uvumi unaweza kufanya nini. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, watu zaidi ya 2.200 walikufa, na kazi ya waganga ilipata shida kubwa kwa sababu ya uongo uliotembea kutoka nyumba mpaka nyumba: kwamba ugonjwa haupo, kwamba chanjo ni sumu. Watu walipopata mtu wa kuwaeleza kwa lugha yao, mtu waliyekuwa wanamwamini tangu zamani, mioyo ilitulia. Mtu wa kuaminiwa hajengwi siku moja. Ndiyo sababu kubadilisha watangazaji kila mara kunatuletea hasara ambayo haionekani mpaka siku ya hatari.

Watoto wanasikia nini?

Sisi walimu tunayaona matunda yake darasani. Katika zoezi la kuongea, tunapomwambia mtoto wa mwaka wa tano "kuwa mtangazaji", anajua mara moja namna ya kukaa, namna ya kupiga karatasi mezani ili ziwe sawa, namna ya kutazama mbele. Kiisha anafungua kinywa, na habari yake inakuwa hii: mheshimiwa fulani amefika, mheshimiwa amesalimu watu, watu wamemshukuru mheshimiwa. Mtoto hajui kosa lake liko wapi, kwa sababu hivyo ndivyo anavyosikia kila jioni. Kwake yeye, habari ni kushukuru.

Tukimwambia atupashe habari ya avenue yao, kwanza anashangaa. "Mwalimu, hiyo nayo ni habari?" Kiisha anasema: kisima kimekauka tangu juma lililopita, watoto wa kike wanaamka saa kumi ya usiku kuchota maji mbali, mmoja ameanguka na mtungi. Darasa lote linanyamaza na kusikiliza. Hiyo ndiyo habari. Mtoto aliyejifunza tofauti hiyo hatadanganywa kwa urahisi akiwa mkubwa na kadi ya mpigakura mkononi.

Kwa hiyo, mama, usimwache mtoto peke yake na habari. Keti naye hata dakika kumi, na muulize maulizo haya:

Ni nani aliyesema hivyo, mtangazaji mwenyewe au mtu aliyehojiwa?

Je, upande wa pili ulisikilizwa?

Picha imepigwa pale pale jambo lilipotokea, au ni picha ya mtu kwenye meza yake?

Hii ni habari, au ni tangazo lililolipiwa?

Kama jana walikosea, je, leo wamesahihisha?

Mtoto akizoea maulizo haya, hata mtangazaji akibadilishwa mara kumi, atabaki na kipimo chake.

Yale vikundi vinaweza kufanya

Kwanza, tunapendekeza zoezi la siku saba. Kila kikundi kichague kituo kimoja cha mji. Wamama watatu au wanne wagawane siku, kila mmoja na daftari. Katika kila habari ya jioni, andikeni mambo manne: wanawake wangapi walisikika wakisema, mara ngapi neno "mheshimiwa" lilitajwa, habari ngapi zilitoka kwenye kartie zetu, na habari za Kiswahili zilichukua dakika ngapi. Mama asiyejua kuandika anaweza kuhesabu kwa punje za mahindi, na binti yake akaandika baadaye.

Pili, mpeni mtangazaji mpya nafasi. Kuwa mgeni si kosa lake, na kuna vijana wanaojua kazi. Mtazameni mwezi mzima kabla ya kusema habari zake hazifai. Je, anataja majina ya pahali sawasawa? Anauliza ulizo la pili, au anashukuru tu na kuendelea? Tusihukumu nywele wala kitambaa. Wanawake watangazaji wanateswa sana na maneno ya namna hiyo, na mengi yanatoka vinywani mwetu wenyewe.

Tatu, andikieni kituo. Barua fupi, iliyotiwa sahihi na wamama wa kikundi, ina uzito kuliko tunavyofikiri, kwa sababu kituo kinaishi kwa watazamaji. Semeni jambo moja wazi: tunaomba habari za Kiswahili zirudi saa kumi na mbili ya jioni, au, tunaomba mtangazaji akiondoka mtuambie. Kama mtu wa kikundi ametajwa kwa uongo katika habari, sheria inampa haki ya kujibu kwenye kituo kile kile. Na kama kituo kinakataa, kuna CSAC, baraza lililowekwa na Katiba na kupangwa kwa sheria ya mwaka 2011, lenye kazi ya kuangalia redio na televisheni. Malalamiko ya raia wa kawaida yanapokelewa huko.

Nne, pelekeni habari kwao. Waandishi wengi hawafiki kwenye kartie zetu kwa sababu hawana usafiri, tena hawatujui. Kikundi kinachouza sabuni yake, shule iliyoezuliwa na upepo, mama mzalishaji ambaye amepokea watoto usiku kwa mwanga wa simu: hizo zote ni habari. Mwiteni mwandishi, mwonyesheni, mkaribisheni chakula kama mgeni yeyote, lakini msimpe bahasha. Mkimpa, mtakuwa mmenunua habari yenu wenyewe, na kesho mwenye bahasha nene kuliko yenu atanunua nyingine.

Watangazaji wataendelea kubadilika. Wengine wataolewa, wengine watapanda cheo, wengine watachoka na mshahara usiofika. Hatuwezi kuwafunga kamba. Lakini kituo kikijua kwamba kuna wamama wenye daftari wanaohesabu, mkuu wa habari atafikiri mara mbili kabla ya kumweka mtu asiyeweza kazi, na mtangazaji mwenye moyo wa kazi atajua kwamba hayuko peke yake.

Vikundi vitakavyofanya zoezi la siku saba, leteni daftari kwenye mkutano ujao wa viongozi wa vikundi. Tutajumlisha hesabu zote pamoja na kuzichapa hapa hapa, kituo kwa kituo.